Harambee ya UKIMWI: shilingi ya hisani ina kazi gani?

Ukichangia shilingi 50,000 kwenye harambee ya UKIMWI, yumkini fedha zako hazitanunua hata kidonge kimoja cha dawa. Wachangiaji wengi wakiambiwa hivyo hushtuka, na wapo wanaohisi wameliwa. Lakini ukifuatilia jinsi huduma za VVU zinavyogharamiwa nchini Tanzania, utaona kwamba harambee ya kutilia shaka ni ile inayoahidi kununua dawa. Zipo kazi nyingine, nafuu kwa gharama na kubwa kwa matokeo, ambazo hisani isipozilipia hazilipiwi na mtu.

Tuanze na nani analipa nini. Dawa za kufubaza makali ya VVU zinazotolewa bure kwenye kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC, hununuliwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanza mwaka 2002. Mwaka uliofuata Marekani ilianzisha mpango wake, PEPFAR, ambao kwa Tanzania umebeba zaidi gharama za huduma zenyewe: watumishi wa mikataba, maabara, upimaji wa wingi wa virusi, takwimu, kuwatafuta waliopotea kliniki. Serikali inalipa mishahara ya waganga na wauguzi iliowaajiri, inajenga vituo, na ina Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, maarufu kama ATF, uliowekwa kisheria mwaka 2015. Wa mwisho kwa ukubwa ni mfuko wa hisani: michango ya makanisani na misikitini, matembezi ya Desemba Mosi, upandaji wa mlima, chakula cha jioni hotelini, na namba ya simu inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa angalia bei ya dawa. Mwaka 2000 tiba ya mtu mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitokeza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350, na bei haikuacha kushuka tangu hapo. Mwaka 2024 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba kidonge kinachotumiwa na wengi leo, TLD, unakipata kwa chini ya dola 37 kwa mtu kwa mwaka. Bei hiyo imetokana na ushindani wa viwanda na ununuzi wa mamilioni ya makopo kwa mkupuo. Kamati ya harambee haiwezi kukaa meza moja na kiwanda ikapata bei kama hiyo.

Na hata ingeipata, hesabu inakataa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulikadiria kwamba watu wazima wanaoishi na VVU nchini ni takriban milioni 1.5. Kwa dola 37 kila mmoja, vidonge peke yake ni zaidi ya shilingi bilioni 130 kwa mwaka. Tuseme harambee yenu imefana na mmepata shilingi milioni 100. Kwa bei ile ile ya Mfuko wa Dunia, mmewanunulia dawa watu kama elfu moja kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha watu hao hao wanahitaji tena, na tena, mpaka uzeeni, kwa sababu dawa hizi hazikatizwi. Jukumu la namna hiyo ni la kodi na la mifuko mikubwa. Kulibebesha sherehe ya usiku mmoja ni kuwahatarisha wagonjwa.

Kati ya bohari na mdomo

Bohari ya Dawa ikishafikisha makopo kwenye kituo, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Utafiti ule ule ulionyesha jambo ambalo kila anayechangisha anapaswa kulijua kwa moyo. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu akishafika kwenye dawa na kuzishika, mambo yanakwenda vizuri mno. Virusi vikishuka kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenza wake kwa njia ya ngono. Pengo kubwa liko kwa asiyejua, asiyefikiwa, anayeogopa kufika.

Mwangalie msichana wa miaka 16 aliyezaliwa na VVU, anayesoma shule ya bweni. Kopo la vidonge linalia ukilitikisa, kwa hiyo wapo wanaojaza pamba ndani, na wapo wanaovihamishia kwenye karatasi au mfuko wa nailoni kabla ya kupanda daladala, ingawa unyevu unaviharibu. Bwenini hakuna kabati la kufunga. Matroni akiwa mwelewa anamtunzia ofisini, msichana anapita kila usiku kwa kisingizio cha kufuata dawa ya pumu. Matroni akihamishwa, mpya ni lazima aambiwe upya, au asiambiwe na dawa zirukwe. Siku ya kliniki ni siku ya shule, na ruhusa inahitaji sababu. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Na nyumbani huenda hakuna aliyewahi kumweleza kwa ukweli ni kwa nini anameza vidonge hivi tangu utotoni; aliambiwa ni vya kifua, na sasa amesoma jina la dawa kwenye simu ya rafiki.

Katika yote hayo, hakuna tatizo ambalo kopo jingine la dawa lingelitatua. Linalotakiwa ni mtu: kijana aliyemzidi miaka michache, naye anaishi na VVU, amepita bweni hilo hilo, anayeweza kumpigia simu Jumapili jioni. Linatakiwa kundi linalokutana Jumamosi ambapo kwa saa tatu hana cha kuficha. Inatakiwa nauli ya kufika hapo, na chai yenye kitafunwa maana wengi wanatoka bila kula.

Kwamba msaada wa aina hii unaokoa maisha, ushahidi upo. Mjini Harare, mwaka 2004, kikundi kidogo cha vijana wanaoishi na VVU kilianza kukutana, na kikakua kuwa mpango wa Zvandiri. Unawachukua vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaoishi na VVU, unawafundisha, kisha wanawatembelea wadogo zao majumbani na kuwakumbusha dawa kwa ujumbe wa simu. Watafiti waliupima kwenye wilaya za Bindura na Shamva, kliniki 16, vijana karibu 500 wenye miaka 13 hadi 19. Baada ya takriban miaka miwili, kwenye kliniki za huduma ya kawaida asilimia 36 ya vijana walikuwa ama virusi vimepanda ama wamefariki. Kwenye kliniki zenye vijana washauri ilikuwa asilimia 25. Dawa walizopewa ni zile zile pande zote mbili.

Kwetu tunao WAVIU washauri kwenye vituo vingi, watu wanaoishi na VVU wanaowapokea wapya, kuwasindikiza, na kuwafuatilia waliokosa kliniki. Tunazo konga za wilaya zinazounganisha vikundi vyao. Udhaifu wetu ni kwamba posho za washauri hawa kwa muda mrefu zimetegemea miradi, na mradi una tarehe ya kufungwa.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi ikaambiwa iache kazi papo hapo. Siku chache baadaye ulitolewa msamaha kwa huduma za VVU za kuokoa maisha, kwa hiyo dawa ziliendelea kutolewa. Lakini msamaha huo ulikuwa na mipaka: dawa kinga za kumeza kabla ya kuambukizwa, PrEP, ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa kiume, msichana asiye mjamzito, watu walio kwenye hatari kubwa, wote waliachwa nje. Wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi wakarudishwa nyumbani, klabu za vijana zikafungwa. Dhoruba ilipopiga, kidonge kilibaki na anayemshika mkono mgonjwa akaondoka.

Serikali ya Tanzania ilijibu kwa upande wa kodi. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 zilipendekezwa tozo mpya kwenye vitu kama pombe, tiketi za ndege na za treni, na madini, asilimia 70 ya mapato yaende ATF na asilimia 30 bima ya afya kwa wote. Zimbabwe walitangulia njia hii kwa robo karne: tangu mwaka 2000 wanakata asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI, na ndiyo maana walikuwa na pa kushika. Naiunga mkono hatua hii kwa moyo wote. Tena ni ya haraka, kwa sababu Mfuko wa Dunia wenyewe, ulipokutana na wafadhili wake Johannesburg mwezi Novemba 2025, uliahidiwa dola bilioni 11.34 wakati ulikuwa unalenga bilioni 18. Kadiri kodi zetu zinavyobeba dawa, ndivyo hisani inavyopata nafasi ya kufanya kazi yake yenyewe.

Fedha za mlimani

Harambee ya VVU inayojulikana zaidi Tanzania ni Kili Challenge. Ilianzishwa mwaka 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita, kisha ikaendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Watu wanapanda Kilimanjaro hadi Uhuru, mita 5,895, na wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli. Makampuni na watu binafsi wanachangia, na fedha zinakwenda kwenye mapambano dhidi ya VVU. Nje ya hapo, kila mwaka wageni kutoka Uingereza na kwingineko wanapanda mlima huu huu kwa ajili ya asasi za kwao, zikiwemo za UKIMWI.

Hapa panahitaji ufafanuzi, maana ndipo wachangiaji wengi wanapochanganyikiwa. Kupanda mlima kuna gharama: ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi, chakula, mahema. Nani anazilipa? Kuna njia mbili. Ya kwanza, mpandaji analipa safari yake kutoka mfukoni, na kila anachochangiwa kinakwenda kwa asasi. Ya pili, mpandaji anaahidi kukusanya kiwango fulani, na asasi inalipia safari yake kutoka humo humo kwenye michango; wewe uliyetoa umelipia na hema lake. Njia ya pili si wizi. Inaweza kuleta watu ambao wasingeweza kushiriki, na kinachobaki kinaweza kuwa kingi. Ila mchangiaji ana haki ya kujua mapema. Swali la kuuliza ni fupi: kati ya shilingi mia nilizotoa, ngapi zinabaki baada ya mlima kulipwa?

Hali ni hiyo hiyo kwenye hafla za hotelini. Ukumbi, chakula, bendi, fulana na kofia zenye utepe mwekundu, mabango, usafiri wa mgeni rasmi. Mshereheshaji akitangaza kwamba usiku huu tumepata shilingi milioni 80, humo ndani kuna fedha taslimu na kuna ahadi, na ahadi ni maneno mpaka zifike benki. Baadhi hutolewa kwa sababu kamera ipo. Asasi inayojiheshimu inataja namba tatu kila moja peke yake: zilizopokelewa, zilizoahidiwa, na zilizotumika kwenye hafla. Zikitajwa kwa jumla moja tu, msikilizaji hajui kilichopatikana.

Kuna na kosa la upande wetu sisi tunaotoa. Tunapenda kusikia kwamba kila senti itamfikia mlengwa. Basi asasi zinatuambia tunachotaka kusikia, kisha zinahangaika kimya kimya. Kodi ya ofisi ipo palepale, umeme upo, mhasibu anahitaji ujira, na vocha za kuwapigia waliokosa kliniki haziji zenyewe. Anayesema asilimia mia moja inakwenda kwa walengwa maana yake ni kwamba gharama hizo analipa mwingine, au hazilipwi na mahesabu yanaharibika. Wafadhili wakubwa hutoa fedha zenye mistari: semina ni semina, usipoitumia kwa semina unairudisha. Thamani ya shilingi ya hisani ni kwamba inaweza kutolewa bila mistari hiyo. Ukiifunga nayo kwa masharti ya madaftari na sare tu, umeiondolea nguvu yake.

Jingine ni sura za watu. Fedha hutoka haraka mtu akiona uso, na waandaaji wanajua. Ndiyo maana utaona mtoto amesimamishwa jukwaani aseme alivyozaliwa na VVU, simu zikimrekodi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo na inakataza unyanyapaa, lakini hata pasipo sheria tujiulize mtoto wa miaka 12 anaweza kuridhia nini. Video haitoki mtandaoni. Atakuwa na miaka 22, anatafuta kazi au mchumba, na mtu ataitafuta. Watu wazima waliochagua wenyewe kusema hadharani wamefanya makubwa. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyejitangaza mwaka 1989 akiwa mgonjwa, aliwafungua macho wengi Afrika Mashariki. Yeye alikuwa mtu mzima na uamuzi ulikuwa wake. Mtoto aachwe. Na kama fedha hazitoki bila kumwanika mtoto, zibaki mifukoni.

Darasani kuna nini

Upande wa elimu kwa vijana ndio unaochangiwa kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu unapigika picha: wanafunzi mia tano uwanjani, mtaalamu na kipaza sauti, baadaye ripoti inasema vijana mia tano wamefikiwa. Naomba tuwe wakweli kuhusu kinachonunuliwa hapo, na bahati nzuri nchi yetu ina moja ya majaribio makubwa kabisa yaliyowahi kufanywa Afrika kuhusu jambo hili.

Linaitwa MEMA kwa Vijana, na lilifanyika mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Jamii 20 ziligawanywa kwa bahati nasibu: 10 zikapata mpango, 10 zikasubiri. Na haukuwa mpango wa kulipua. Walimu walipewa mafunzo na kufundisha darasa la tano hadi la saba kwa vipindi vya mwaka mzima, wanafunzi wenyewe wakiigiza. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana walichaguliwa kusambaza kondomu vijijini, na jamii ilishirikishwa. Shirika la afya la AMREF lilitekeleza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na chuo cha afya na tiba za nchi za tropiki cha London wakapima, siyo kwa kuuliza maswali peke yake, bali na kwa kupima damu.

Majibu yalikuwa ya pande mbili. Ujuzi wa vijana ulipanda na mitazamo ilibadilika, na watafiti waliporudi mwaka 2007 na 2008 walikuta mabadiliko hayo ya ujuzi bado yapo. Lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kuliko kwenye jamii zilizosubiri. Kijana alijua, na alijibu mtihani vizuri, na akaambukizwa vilevile.

Wengine wakisoma matokeo haya husema basi elimu ni kupoteza hela. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Msichana anayejua kila kitu kuhusu kondomu bado anakutana na mwanamume mwenye bodaboda anayemlipia ada, au mjomba anayemlisha. Ujuzi umemfikia yeye peke yake na uamuzi haukuwa wake peke yake. Kwa makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI, mwaka 2024 wasichana na wanawake vijana wa miaka 15 hadi 24 wapatao 3,300 waliambukizwa kila wiki katika Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao walishasikia somo.

Kwa hiyo elimu inayostahili kuchangiwa ni ile inayomfikisha kijana kwenye huduma, na inayomgusa mtu mzima aliye karibu naye. Mpaka mwaka 2019 aliye chini ya miaka 18 hakuweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Marekebisho ya sheria ya Novemba mwaka huo yaliteremsha umri hadi miaka 15 na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Je, wangapi kidato cha tatu wanalijua hilo? Je, muuguzi wa zahanati ya pale karibu analijua, au bado anamwambia binti alete mzazi? Somo lenye uzito linaanza na muuguzi huyo. Linaendelea na tohara kwa wavulana, ambayo majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini yalionyesha inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60, na ambayo imepokelewa vizuri mno Iringa na Njombe, mikoa yenye maambukizi makubwa. Njombe ni asilimia 12.7 wakati wastani wa taifa ni 4.4. Linagusa PrEP. Na linarudiwa, maana aliye darasa la sita leo, miaka mitatu baadaye ana maswali mengine kabisa.

Ipo pia njia ambayo wafadhili wengi wadogo wanaipita: kuunga mkono kilichopo. Asasi ya Femina imekuwa ikichapisha jarida la vijana tangu mwaka 1999 na kulifikisha bure kwenye shule za sekondari, ambako klabu za wanafunzi zinalijadili zenyewe. Klabu iliyodumu miaka kumi, yenye mwalimu mlezi anayejulikana, ni ya thamani kuliko semina kumi za siku moja.

Hitaji hili linakuja kuongezeka. Sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka kuzuia maambukizi, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Julai 2025, na kuna makubaliano ya kuiuza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati kuanzia 2027. Mifuko mikubwa itainunua. Atakayekaa na binti wa miaka 19 kijijini Makete akamsikiliza hofu zake kabla hajakubali sindano, huyo hajapangiwa fedha na mtu.

Harambee ya mwaka mzima

Harambee nyingi hufanyika Novemba, kuelekea Siku ya UKIMWI Duniani. Fedha zikishakusanywa, ahadi zikafuatiliwa, hundi ikakabidhiwa mbele ya waandishi, tayari ni Machi, na shule zilifunguliwa Januari. Asasi inazitumia haraka kabla ya ripoti, na kufikia Agosti hakuna kitu. Vijana waliozoea kukutana wanakuta mlango umefungwa, na kumrudisha kijana aliyekata tamaa ni kazi kuliko kumpata mara ya kwanza.

Ningependa tujaribu kwa namna nyingine. Chukua watu 200, kwaya na waumini wa parokia moja, au wafanyakazi wa ofisi moja, kila mmoja atoe shilingi 5,000 kwa mwezi kwa lipa namba ya asasi iliyosajiliwa chini ya sheria ya asasi zisizo za kiserikali ya mwaka 2002 na inayotoa mahesabu yake ya mwaka bila kuombwa mara mbili. Kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Vijana 30 wanaoishi na VVU wanakutana kila mwezi: nauli ya shilingi 6,000 kila mmoja ni 2,160,000 kwa mwaka, na chakula cha shilingi 4,000 ni 1,440,000. Vijana washauri wanne wakilipwa 100,000 kwa mwezi ni 4,800,000. Zinabaki 3,600,000, yaani 300,000 kila mwezi za kodi ya chumba, umeme, vocha na mhasibu wa muda.

Kabla ya kukusanya hata shilingi, kamati iende kwanza CTC ya jirani na kwenye konga ya wilaya, iulize vijana wangapi walikosa kliniki robo mwaka iliyopita na kwa nini. Wawili kati ya vijana hao wawe wajumbe wa kamati wenye kura, siyo wa kuja kutoa ushuhuda. Na makubaliano yaandikwe kwa miaka mitatu, ili mshauri aliyepewa namba ya simu ya msichana wa bweni awe bado anaipokea akiwa kidato cha nne.